Kiraka kwenye Lango

"Mwanamke! Hapo kafutwa mwanamke!"

Darasa zima liliangua kicheko. Zornitsa alihisi masikio yakiwaka moto. Kwenye kompyuta yake alionekana mchumba wake, Lyuben, akitabasamu mbele ya lango la mbao la kijani, mkononi ameshika chupa ya pilipili nyekundu za kusindika. Kando ya bega lake la kushoto programu ilikuwa imechora miraba miwili myekundu, na mstari ukiiunganisha. Maana yake ilikuwa moja tu: kipande cha lango kimenakiliwa kutoka pale, kikabandikwa hapa. Kiraka.

Asubuhi hiyo Daktari Kuncheva, mwalimu wa somo la Uchakataji wa Picha chuoni Plovdiv, alikuwa amewaambia wanafunzi wachukue picha yoyote kwenye simu zao waipitishe kwenye programu hiyo. Zornitsa alichagua ile aliyotumiwa na Lyuben Jumamosi, kwa sababu aliipenda kuliko zote.

"Aliyepiga kelele ni nani?" aliuliza Daktari Kuncheva.

"Mimi, Daktari," alijibu Stanimira, rafiki wa Zornitsa aliyekaa naye dawati moja.

"Umemwona huyo mwanamke?"

"Sijamwona. Lakini mwanaume akifuta kitu kwenye picha, Daktari, atakuwa amefuta nini? Mbuzi?"

Kicheko kikapanda tena. Daktari Kuncheva akagonga meza.

"Sikilizeni. Programu hii inawaonyesha mahali palipofutwa. Haiwaonyeshi kilichofutwa. Hayo ni mambo mawili, msije mkayachanganya kwenye mtihani."

Kwenye mtihani labda. Moyoni mwa Zornitsa yalikuwa yameshachanganyika.

Nje kwenye ukumbi Stanimira alimshika mkono.

"Shosti, usilie hapa, watu wanapita."

"Silii. Nafikiri."

"Unafikiri nini? Lyuben alisoma somo hili mwaka jana, akapata sita juu ya sita. Sita, Zornitsa! Kuncheva hampi mtu sita hata awe mtoto wake wa kumzaa. Mtu wako anajua kufuta."

"Basi angefuta vizuri zaidi. Hii kaifanya haraka, kwa simu."

"Haraka ya nini?"

Zornitsa alianza kuhesabu siku. Harusi yao ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Gauni lilishakatwa, padri alishaambiwa. Kulikuwa na chuo kimoja cha Ujerumani kilichompa nafasi ya kuendelea na masomo, na mpaka siku hiyo hakuwa amekijibu, kwa kuwa Lyuben alimwambia: tuoane kwanza, halafu tutaamua pamoja.

"Na kuna jingine," Stanimira alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kukuambia. Ijumaa nilimwona sokoni ananunua maua meupe."

"Mangapi?"

"Nikae kuhesabu? Nilikuwa nimejificha nyuma ya kabichi!"

"Mimi hajaniletea hata ua moja tangu Siku ya Wanawake."

"Basi unaona."

Zornitsa akatoa simu, akaandika: "Mpenzi, ile picha ya Jumamosi nitumie yenyewe kama ilivyopigwa. Naihitaji darasani."

Jibu lilikuja upesi: "Nimeshaifuta, simu ilijaa. Kwani vipi?"

"Ulikuwa wapi vile?"

"Si nilikuambia? Kwa Kamen, Brestnik. Tulikuwa tunapogoa mizabibu yake. Mikono inaniuma mpaka leo."

Zornitsa akaitazama picha tena. Shati jeupe lililopigwa pasi. Koti jeusi. Mkono unaoshika chupa ulikuwa safi kama wa mhasibu.

"Nani hupogoa mizabibu kavaa koti la kanisani?" aliuliza.

"Bwana harusi," alijibu Stanimira. "Sasa sijui wa nani."

Zornitsa alimpigia simu mama yake Lyuben, Rumyana, aliyekuwa akiishi na mwanawe na Bibi Penka, bibi yake Lyuben, katika ghorofa za mtaa wa Trakia.

"Zornitsa, mwanangu! Sasa hivi tulikuwa tunakutaja. Bibi Penka anauliza utakuja lini kumwonyesha picha."

"Nitakuja, mama. Lyuben yupo?"

"Yuko kazini. Lakini mwanangu, nina neno. Hizi Jumamosi zote mnazotoka, hata moja msingebaki mkala na sisi? Tangu Krismasi sijakaa na mwanangu Jumamosi. Nikimwuliza: niko na Zornitsa, niko na Zornitsa."

Zornitsa alisogea kando, wenzake wasimsikie.

"Ndivyo anavyosema, mama?"

"Kwani sivyo?"

Nyuma ya simu ilisikika sauti ya kizee: "Mwambie aje na ile simu yake kubwa! Hii yenu sioni kitu, watu wanakuwa kama kunguni!"

"Ndivyo, mama," Zornitsa alidanganya. "Samahani. Tutakuja tule."

Akakata. Mama anaambiwa yuko na mchumba. Mchumba anaambiwa yuko kwenye mizabibu. Jumamosi za mtu mzima zilikuwa zimepotea, na katikati yake pana kiraka.

Mchana ule wasichana hao wawili walirudi kwenye chumba cha kompyuta. Mbali nyuma ya Lyuben, mwisho wa barabara, picha ilikuwa na kibao cha kituo cha basi, kidogo kama ukucha na chenye ukungu. Zornitsa alikikata, akakikuza, akaondoa ukungu, akainoa picha kidogo kidogo kama walivyofundishwa. Akizidisha, herufi zilivunjika kuwa mchanga. Akipunguza, zilizama. Alirudia mpaka kahawa yake ikapoa.

"Dolna Vishna," alisoma hatimaye.

"Ndiyo Brestnik hiyo?"

"Brestnik iko hapa nyuma ya mji. Hii iko mbali, chini ya milima."

"Shosti," Stanimira alisema, na safari hii hakutania, "Jumamosi twende."

Ijumaa jioni Zornitsa alikutana na Lyuben kwenye mkahawa wao wa kawaida. Alimtazama alivyokunja leso ya karatasi mara mbili, mara nne, mara nane.

"Kesho twende tukaonje keki ya harusi," alimwambia.

"Kesho siwezi. Kamen ananitegemea."

"Mizabibu ya Kamen haiishi?"

"Mizabibu haiishi, Zornitsa. Ndiyo tabia yake."

"Nitazame usoni."

Akamtazama. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Una mwanamke mwingine?"

"Sina."

"Apa."

"Naapa kwa baba yangu."

"Baba yako si alikufa ukiwa mtoto?"

Uso wa Lyuben ulibadilika ghafla, kama taa iliyozimwa. Akaiacha ile leso.

"Ndiyo," alisema. "Amekufa."

Akalipa, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka. Zornitsa alibaki akijiambia kwamba mtu asiye na hatia haapi kwa uso ule.

Jumamosi basi liliwashusha Dolna Vishna pamoja na magunia mawili ya viazi na mzee mmoja mwenye kuku. Miplamu ilikuwa imechanua barabara nzima.

"Tukimkuta naye," Stanimira alinong'ona, "wewe ongea, mimi nitamshika nywele."

"Hutamshika mtu nywele."

"Basi nitamshika Lyuben."

Lango la kijani walilijua kabla ya kulifikia. Lilikuwa wazi nusu. Mbele yake alisimama mama mmoja mnene, kitambaa cheusi kichwani, mkononi ana sinia la vikombe vidogo. Ndani ya kila kikombe kulikuwa na ngano ya kuchemsha iliyotiwa sukari na jozi. Kila aliyepita alipewa.

"Chukueni, wanangu," aliwaambia. "Semeni Mungu amsamehe."

"Mungu amsamehe," walisema wote wawili, maana huwezi kukataa ngano ya marehemu.

"Ni nani, mama?" aliuliza Zornitsa.

"Metodi wangu. Leo ni arobaini yake."

Jina hilo Zornitsa alilijua. Mchumba wake jina lake kamili ni Lyuben Metodiev Gachev, na kila mtu kwao hubeba jina la baba katikati. Alijisemea kwamba Metodi ni wengi. Kisha akageuka kulitazama lango.

Pale pale, kwenye mbao zilizokuwa kando ya bega la kushoto, palipokuwa na kiraka, palibandikwa karatasi ya tanzia yenye ukingo mweusi. Juu yake picha ya mwanaume wa makamo.

Stanimira alishika mdomo.

"Mama yangu! Ni Lyuben. Lyuben amezeeka."

Nyusi zile zile. Kidevu kile kile. Zornitsa alisimama na kikombe cha ngano mkononi, akiusoma uso kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko anaoujua.

Na Lyuben mwenyewe akatoka uani, amebeba jagi la mvinyo mwekundu wa kwenda kumwaga kaburini na fungu la maua meupe kwapani. Alipomwona alisimama ghafla, mvinyo ukamwagika mkononi na kwenye viatu.

"Zornitsa."

"Umefanya kazi mbaya," alisema Zornitsa. "Ubao wa tatu umeunakili mara mbili. Kuncheva angekufelisha."

"Nitakueleza."

"Uliniambia baba yako alikufa ukiwa na miaka minane."

"Ndivyo nilivyofundishwa kusema. Alimwacha mama akaja hapa kwa huyu mama Todorka. Mama akasema: kwetu huyu amekufa. Nikakua nikisema hivyo shuleni, jeshini, kwako, mpaka ulimi ukazoea. Krismasi Todorka akanipigia. 'Baba yako anaumwa, anakutaja.' Nikaja. Nikaja tena. Amefia mikononi mwangu."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba aliyekufa amekufa?"

Mama Todorka alijifanya anapanga vikombe. Stanimira alitazama kuku wa jirani.

"Halafu kuna mwaka," Lyuben aliendelea. "Mtoto akimzika baba, haoi mpaka mwaka uishe. Unajua. Mama yako angesema, padri angesema. Mwaka mzima, Zornitsa! Ungeenda Ujerumani, na baada ya mwaka ungekuwa mtu mwingine mwenye marafiki wengine. Nikasema tuoane kwanza, halafu nitasema."

"Ungenivisha taji la ndoa kanisani huku matanga yamo mfukoni mwako."

Lyuben aliliweka jagi chini.

"Na picha? Si ungeacha tu kunitumia?"

"Uliandika: nitumie picha sasa hivi nikuone. Nisingetuma ungefikiria mengine. Nikajipiga haraka, ndipo nikaona karatasi ipo nyuma. Na wewe picha zangu zote unampelekea Bibi Penka."

"Bibi Penka..."

Hapo Zornitsa akakumbuka. Bibi Penka aliyekuwa akikaa Trakia hakuwa mama yake Rumyana. Alikuwa mama mkwe wake, mama wa Metodi, kizee aliyeona aibu kwa alichofanya mwanawe akaamua kubaki na mkwewe aliyeachwa.

"Lyuben. Bibi hajui kama mwanawe amezikwa?"

"Moyo wake mbovu. Nilitaka baada ya harusi, taratibu..."

"Mimi umenifutia karatasi," Zornitsa alisema. "Bibi umemfutia mtoto."

Akaivua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Lyuben kilicholowa mvinyo.

"Nakwenda kwa Bibi Penka. Ukitaka njoo, hutaki baki."

Macho yake yakaanguka kwenye maua aliyoyabeba Lyuben. Akayahesabu. Sita. Mtu aliye hai hupewa maua ya witiri. Shufwa ni ya makaburini, na hakuna mtoto wa Plovdiv asiyelijua hilo. Laiti Stanimira angehesabu badala ya kujificha nyuma ya kabichi.

Jioni jikoni kwa Rumyana palinukia kabichi chachu. Bibi Penka alikuwa mezani anakunja sarma, vidole vyake vikizungusha majani ya kabichi juu ya wali bila kuangalia.

"Umekuja na simu?" aliuliza akimwona Zornitsa.

"Nimekuja na habari, bibi. Mbaya."

Lyuben alikuwa nyuma yake mlangoni, mweupe kama chaki. Zornitsa akapiga magoti karibu na kiti.

"Bibi, Metodi amefariki. Leo ilikuwa arobaini yake."

Mwiko wa Rumyana ulianguka sakafuni. Bibi Penka alimaliza kukunja sarma aliyokuwa nayo, akaipanga sufuriani pamoja na nyingine.

"Alizikwa amenyolewa?" aliuliza.

"Alinyolewa, bibi," Lyuben alisema kutoka mlangoni. "Nilimnyoa mimi."

"Vizuri. Hakupenda ndevu."

"Mama," Rumyana alisema, "keti, nikuletee dawa..."

"Nimeketi. Nijuavyo nimeketi tangu asubuhi. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili wewe ukiwa kanisani."

"Miaka yote hii?"

"Ulisema kwako amekufa. Kwangu hukuniuliza." Bibi Penka akajifuta mikono kwa aproni. "Jumapili simu ilipokaa kimya, nikajua. Nilikuwa nangoja nione nani ataniambia. Nikasema, mkwe hataniambia, ana kisirani chake. Mjukuu ataniambia. Kila Jumamosi anarudi ananuka ubani, ananibusu, ananiambia alikuwa na mchumba."

Lyuben alifunika uso.

"Kumbe ataniambia msichana wa watu. Zornitsa, niletee kitambaa changu. Kiko chini ya mto."

Kilikuwa pale. Cheusi, kimepigwa pasi, kimekunjwa. Kizee alikuwa amekilalia wiki nyingi, akingoja ruhusa ya kulia.

Rumyana alizima jiko. Alikaa kando ya mama mkwe wake, akamfunga kile kitambaa mwenyewe, na vidole vyake vilishindwa fundo mara mbili.

"Kesho nitakupeleka," alisema. "Nami nitashuka hapo langoni."

Lyuben alimfuata Zornitsa mpaka kwenye ngazi za ghorofa.

"Harusi?"

"Mwaka uishe."

"Na Ujerumani?"

"Nakwenda. Nitawaandikia leo hii."

"Hilo ndilo nililoliogopa."

"Hilo uliloliogopa lingekuja na mimi nikiwa na pete kidoleni," Zornitsa alisema. "Sasa linakuja bila pete. Umejifanyia mwenyewe."

Lyuben aliegemea ukuta.

"Niambie tu kama nimebaki na chochote."

Zornitsa alishuka ngazi tatu, akasimama.

"Nitumie picha," alisema bila kugeuka. "Kila Jumamosi. Usifute kitu."

Vuli ilipofika, Lyuben alimsindikiza uwanja wa ndege na fungu la maua ya njano. Zornitsa hakuyapokea mara moja. Aliyahesabu kwa kidole, mbele ya watu, bila haya. Yalikuwa matano. Akayachukua.

Huko ugenini picha zilimfikia kama alivyoagiza. Lyuben na uso umevimba kwa usingizi. Jikoni na vyombo havijaoshwa. Bibi Penka na Mama Todorka kwenye benchi moja, kila mmoja anatazama upande wake. Lyuben pembeni ya mwanamke kijana mzuri, na chini kaandika: "Huyu ni Iskra, tumeajiriwa pamoja. Usiku mwema." Picha ya kwanza Zornitsa aliipitisha kwenye programu. Ya pili aliipitisha. Ya Iskra aliipitisha mara tatu, kisha akacheka peke yake chumbani. Miraba myekundu haikutokea.

Kuna Jumamosi moja ya theluji alipokea picha ya Rumyana akisafisha kaburi la Metodi, kapiga goti kwenye baridi, anagombana na kamera. Zornitsa aliitazama mpaka machozi yakamtoka, akampigia Lyuben wakaongea mpaka simu ikazimika. Kesho yake, akiwa njiani kwenda darasani, ndipo alipokumbuka kwamba hakuipima. Wala zilizofuata hakuzipima.

Walifunga ndoa kiangazi, mwaka ulipopita na miezi kadhaa juu yake. Kutoka kanisani Zornitsa alitaka waende Dolna Vishna kwanza, kabla ya chakula na ngoma. Mpiga picha aliwapanga mbele ya lango la kijani: bibi harusi, bwana harusi, Rumyana, Mama Todorka, Stanimira aliyekuwa akilia kuliko wote, na Bibi Penka kwenye kiti katikati. Nyuma yao, juu ya mbao, ilikuwepo karatasi ya tanzia ya mwaka mmoja, jua limeshaipausha.

Mpiga picha alichungulia kwenye kamera, akakunja uso.

"Hiyo karatasi inaharibu. Lakini msijali, nitaifuta kwenye kompyuta, dakika moja tu, hamtajua kama ilikuwepo."

"Iguse uone," alisema Zornitsa.

"Itabaki," alisema Lyuben wakati huo huo.

Bibi Penka alinyoosha mkono wake nyuma bila kugeuka, akapapasa mpaka vidole vikaifikia ile karatasi, akaishika ncha isipeperushwe na upepo.

"Piga, mwanangu," alisema. "Tumetimia."